Uzi wa koni kwenye cherehani ya nyumbani: faida ipo, lakini ina masharti

SOMO LA WIKI

MAFUNDI cherehani wengi, pamoja na wafanyabiashara wadogo wadogo wanaomiliki cherehani mbili au tatu na kuajiri mafundi, hununua uzi kidonge kimoja kimoja kadiri unavyohitajika. Fundi akiishiwa uzi mweupe katikati ya kazi, anamtuma kijana dukani. Kijana anarudi na vidonge viwili, kazi inaendelea, na kesho yake safari hiyo inarudiwa. Gharama ya mwenendo huu haionekani kwa haraka kwa sababu inatoka kidogo kidogo. Lakini kama wasemavyo wahenga, bandu bandu huisha gogo.

Upande wa pili wapo waliosikia kwamba uzi wa koni, yaani ule mkubwa unaotumika viwandani, ni wa bei nafuu zaidi kwa mita. Wananunua koni, wanaichomeka kwenye kijiti cha cherehani ya nyumbani, na baada ya dakika chache uzi unakatika, mshono unaruka na fundi analaumu koni. Koni inawekwa kabatini na fedha iliyonunulia inalala.

Makundi yote mawili yanapoteza fedha. Somo la wiki hii linaeleza ni wakati gani koni inalipa, namna ya kuhakiki kwamba koni iliyonunuliwa ina uzi wote ulioandikwa, na namna ya kuitumia kwenye cherehani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Somo hili linafaa zaidi kabla ya msimu wa sare za shule, ambapo oda huwa nyingi na muda wa kurekebisha makosa huwa mdogo.

Kidonge na koni

Kidonge cha kawaida kinachouzwa rejareja huwa na mita 100, ingawa vipo vya mita 200 na hata 500. Koni inayopatikana zaidi huandikwa yadi 5,000. Kwa kuwa yadi moja ni sentimita 91.44, koni hiyo ina mita 4,572. Kwa maneno mengine, koni moja ni sawa na vidonge 45 vya mita 100 na ziada kidogo.

Kwenye lebo ya koni huwa na namba nyingine muhimu kuliko rangi, nayo ni namba ya unene. Inayotumika zaidi kwa mshono wa kawaida ni 40/2. Maana yake ni nyuzi mbili za namba 40 zilizosokotwa pamoja. Kadiri namba ya kwanza inavyokuwa kubwa, ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Kwa hiyo uzi wa 50/2 ni mwembamba kuliko 40/2, na ule wa 60/2 ni mwembamba zaidi. Uzi wa 20/2 ni mnene na hufaa kwa nguo nzito.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Koni nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini ni za uzi mwembamba uliokusudiwa kwa mashine za ovaloki, ambazo kazi yake ni kuzuia kingo za kitambaa zisichanike. Uzi huo ukitumika kushona mshono wa makalio ya kaptura, mshono utafumuka mwanafunzi atakapoinama. Koni mbili zinaweza kufanana kwa rangi na umbo, lakini zisiwe bidhaa moja. Rahisi huvunja upishi.

Hesabu ya koni kulipa

Kabla ya kununua, mfanyabiashara anapaswa kujua nguo moja inakula uzi kiasi gani. Mshono wa kawaida wa cherehani hutumia uzi wa juu na uzi wa chini, na kwa wastani mita moja ya mshono inakula karibu mita mbili na nusu za uzi, ikihesabiwa juu na chini. Kitambaa kikiwa kinene au mishono ikiwa ya karibu karibu, kiasi hicho kinaongezeka. Kisha huongezwa asilimia 15 kwa ajili ya ncha zinazokatwa na uzi unaopotea.

Njia rahisi ni kuchukua nguo iliyokwisha kushonwa, kupima mishono yake yote kwa futi ya fundi, na kuzidisha. Chukulia shati la shule ambalo mishono yake yote ikijumlishwa ni mita 14. Mara 2.5 ni mita 35, na ukiongeza asilimia 15 inakuwa mita 40. Kaptura yenye mishono ya mita 8 itakula mita 20, na pamoja na upotevu ni mita 23.

Sasa chukulia fundi amepata oda ya sare 60 za shule ya msingi, shati jeupe na kaptura ya bluu iliyoiva. Uzi mweupe utakaohitajika ni mita 2,400 na wa bluu ni mita 1,380. Kwa vidonge vya mita 100, hiyo ni vidonge 24 vyeupe na 14 vya bluu, jumla vidonge 38.

Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme kidonge ni shilingi 500 na koni ni shilingi 6,000. Vidonge 38 vitagharimu shilingi 19,000. Koni mbili zitagharimu shilingi 12,000. Fundi ameokoa shilingi 7,000, na juu ya hapo amebaki na mita 2,172 za uzi mweupe na mita 3,192 za bluu kwa ajili ya oda inayofuata.

Mfanyabiashara aweke bei za soko lake mahali pa bei hizo, lakini kanuni ni ileile: gawanya bei ya koni kwa bei ya kidonge. Katika mfano huu, 6,000 kwa 500 ni 12. Kama kazi iliyopo mkononi inahitaji vidonge zaidi ya 12 vya rangi hiyo, koni inalipa hata kama uzi utakaobaki hautatumika kamwe. Kama inahitaji pungufu ya hapo, koni italipa tu iwapo rangi hiyo ina wateja wa uhakika.

Ndiyo maana si busara kununua koni ya kila rangi. Gauni tano za harusi za rangi ya zambarau zinazokula mita 50 kila moja zinahitaji mita 250, yaani vidonge vitatu vya shilingi 1,500. Kununua koni ya shilingi 6,000 kwa kazi hiyo ni kufungia shilingi 4,500 kabatini. Rangi za koni ni zile zisizokwisha msimu: nyeupe, nyeusi, bluu iliyoiva, na rangi za sare za shule zilizo jirani. Rangi za sherehe zibaki kuwa za vidonge.

Mzani ni shahidi

Kununua koni ni kununua kitu ambacho urefu wake hauwezi kupimwa kwa macho. Koni pungufu inaweza kusokotwa juu ya kigogo kinene ikaonekana imejaa. Hata hivyo, mnunuzi anayo njia ya kuhakiki, nayo ni mzani.

Namba ya unene ndiyo inayotoa siri hiyo. Katika mfumo wa Kiingereza unaotumika kwenye lebo hizo, uzi wa 40/2 unatakiwa kuwa na yadi 16,800 kwa kila ratili moja, yaani gramu 453.6. Kwa hiyo yadi 5,000 za uzi huo zinapaswa kuwa na uzito wa gramu 135, bila kuhesabu kigogo cha plastiki au karatasi. Kwa uzi wa 50/2, yadi 5,000 ni gramu 108. Kwa 60/2 ni gramu 90. Na kwa 20/2 ni gramu 270. Tofauti ya gramu mbili tatu ni ya kawaida. Tofauti ya gramu 20 si ya kawaida.

Ili kupata uzito wa uzi peke yake, fundi atunze kigogo kitupu cha kila aina ya koni anayonunua na kukipima. Koni mpya ikipimwa, uzito wa kigogo unatolewa.

Chukulia koni iliyoandikwa 40/2 na yadi 5,000, lakini uzi wake una gramu 108. Kuna mambo mawili yanayowezekana. Ama koni ina yadi 4,000 tu za uzi wa 40/2, ama ina yadi 5,000 za uzi mwembamba wa 50/2 uliobandikwa lebo ya mwingine. Ili kujua ni lipi, zungushia uzi kwenye ubao wenye mzunguko wa mita moja mara 200, kisha upime mita hizo 200 kwenye mzani mdogo kama wa sonara. Zikiwa na gramu 5.9, uzi ni wa 40/2 na upungufu uko kwenye urefu. Zikiwa na gramu 4.7, uzi ni wa 50/2 na udanganyifu uko kwenye unene. Uzi uliozungushiwa ubao haupotei. Unaweza kutumika kujaza bobini.

Mwenye duka anayeagiza makasha ya koni kwa jumla anapaswa kupima koni chache kutoka kila kasha kabla ya kulipa salio. Kwa Tanzania, bidhaa zilizofungashwa ambazo hazina kipimo kilichoandikwa ni suala linaloweza kufikishwa kwa Wakala wa Vipimo. Lakini ni rahisi zaidi kukataa mzigo kabla haujaingia dukani kuliko kudai haki baada ya kuuza nusu yake.

Kwa nini koni inasumbua cherehani

Cherehani nyingi za nyumbani, ziwe za mkono, za miguu au za umeme, zina kijiti kifupi juu kwa ajili ya kidonge kidogo. Kidonge ambacho uzi wake umepangwa safu kwa safu, sambamba, huzunguka chenyewe juu ya kijiti na kuachia uzi kwa ubavuni. Kwa kuwa ni chepesi, cherehani haipati taabu kukivuta.

Koni ni kitu tofauti. Uzi wake umesokotwa kwa kupishana, na umekusudiwa kutoka kwa juu huku koni yenyewe ikiwa imetulia, haizunguki. Ikichomekwa kwenye kijiti kifupi na kuvutwa kwa ubavuni, cherehani inalazimika kuzungusha mzigo mzito kila sindano inaposhuka. Mara koni inakataa kuanza kuzunguka na uzi unakaza. Mara imeshika mwendo na inaendelea kuzunguka wakati fundi amesimama, uzi unalegea na kujisokota chini ya koni. Uzi unaokaza na kulegea hivyo hauwezi kutoa mshono ulio sawa, hata fundi akikaza au kulegeza skrubu mara ngapi.

Kwa hiyo tatizo si cherehani wala koni, bali ni mahali koni ilipowekwa. Dawa yake ni kuitoa koni kwenye cherehani na kuipa kisimamio chake.

Kisimamio cha gharama ndogo

Visimamio vya koni vya chuma huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Asiye na fedha hizo anaweza kumwomba fundi seremala kipande cha ubao mzito, upana wa sentimita 20 hivi kila upande, chenye kijiti kilichosimama katikati cha kushikilia koni. Ubavuni mwa ubao huo inakazwa waya ngumu, kama ile ya kutundikia nguo, ambayo ncha yake ya juu inakunjwa kuwa kitundu.

Mambo matatu yazingatiwe. La kwanza, kitundu cha waya kiwe juu ya ncha ya koni moja kwa moja, si pembeni. La pili, kiwe juu kiasi cha mara mbili na nusu ya urefu wa koni. Koni ya sentimita 10 inahitaji kitundu kilicho sentimita 25 kutoka chini ya koni. Kikiwa chini mno, uzi unakwaruza ukingo wa koni na kukwama. La tatu, kitundu kiwe laini. Waya yenye kutu au ncha kali itakuwa inakata uzi taratibu bila fundi kujua.

Kisimamio kinawekwa nyuma ya cherehani, upande wa kulia, na uzi unatoka kwenye kitundu kwenda kwenye njia yake ya kawaida ya cherehani kuanzia kiongoza uzi cha kwanza. Kwa cherehani ya miguu inayotikisa meza, ni vizuri kisimamio kikae kwenye stuli yake pembeni. Asiye na kisimamio kabisa anaweza kuweka koni ndani ya kikombe kizito nyuma ya cherehani, ili mradi kuwe na kitundu juu yake.

Uzi unaoteleza sana na kuanguka chini ya koni huzuiwa kwa kipande cha sponji chini ya koni, au kwa kuivisha koni wavu mwembamba.

Vidonge vidogo vya safu sambamba visiwekwe kwenye kisimamio hiki. Vikivutwa kwa juu, kila mzunguko unaongeza msokoto mmoja kwenye uzi, na uzi huishia kujikunja na kufunga mafundo.

Bobini, sindano na jaribio

Uzi wa bobini utoke kwenye koni ileile, ili juu na chini viwe na unene mmoja. Bobini ijazwe kwa mwendo wa wastani. Uzi wa poliesta ukijazwa kwa kasi kubwa huku umekazwa, unavutika kama mpira. Baada ya kushonwa unarudi kwenye urefu wake, na mshono uliokuwa umenyooka unajikunja. Shati linaonekana zuri mezani, lakini mteja akilifua anarudi nalo.

Sindano ilingane na kazi. Kwa uzi wa 40/2, sindano namba 14 inafaa kwa vitambaa vya kaptura na sketi, na namba 12 kwa vitambaa vya mashati. Sindano iliyopinda au yenye ncha butu ibadilishwe kabla ya kulaumu uzi.

Wakati wa kupitisha uzi, mguu wa cherehani uwe umeinuliwa ili uzi uingie vizuri kati ya visahani vya kukazia. Baada ya hapo, fundi ashone jaribio kwenye kipande cha kitambaa kilekile kilichokunjwa mara mbili. Uzi wa chini ukionekana upande wa juu, uzi wa juu umekazwa mno. Vitanzi vikionekana upande wa chini, uzi wa juu umelegea au haukukaa kwenye visahani. Kila koni mpya ifanyiwe jaribio hili, hata kama ni ya rangi ileile.

Koni ya rangi iliyoiva ifanyiwe jaribio jingine. Shona mistari michache kwenye kitambaa cheupe, fua kwa sabuni na maji ya moto, kisha kausha. Uzi unaochuja unaweza kuharibu oda nzima, na shilingi 7,000 zilizookolewa kwenye uzi haziwezi kulipia mashati yaliyochafuka.

Daftari la uzi

Faida ya mwisho ya koni inamhusu hasa mwenye mtaji aliyeajiri mafundi. Vidonge ni vigumu kuvihesabu, kwa kuwa vinaisha nusu nusu na kupotea. Koni inapimika. Gramu moja ya uzi wa 40/2 ni karibu mita 34. Shati la mfano wetu linalokula mita 40 linatumia gramu 1.2 hivi.

Kwa hiyo mashati 60 yakikamilika, koni nyeupe iliyoanza na gramu 135 za uzi inapaswa kubaki na gramu 64 au karibu na hapo. Koni ya bluu iliyoshona kaptura 60 inapaswa kubaki na gramu 94. Ikibaki gramu 40 mahali palipotakiwa 64, kuna maelezo yanayohitajika. Huenda mishono ilifumuliwa na kurudiwa, huenda fundi anakata ncha ndefu mno, au huenda kuna kazi ya pembeni iliyoshonwa kwa uzi wa mwajiri. Mwenye mali asianze kwa kumshutumu mtu, bali kwa kupima nguo na kurudia hesabu.

Uzito wa kila koni uandikwe siku inapofunguliwa na kila jioni ya Jumamosi. Koni zisizotumika zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa mbali na jua na vumbi, kwa kuwa jua linadhoofisha uzi na kufifisha rangi. Muuza duka naye asipange koni dirishani kama mapambo, na auze za zamani kabla ya mpya.

Kwa ufupi, mwenye kutaka kuhamia kwenye koni msimu huu aanze na rangi mbili tu zenye oda mkononi, apime uzito kabla ya kulipa, atengeneze kisimamio kimoja na kushona jaribio. Rangi ya tatu inunuliwe kwa faida ya zile mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uzi nao ni mali.